Mteja Ameuliza Bei, Mjibu: Neno kwa Wafanyabiashara Wanaoanza Mitandao

(Hotuba iliyotolewa kwa wafanyabiashara wadogo jijini Nairobi, ikaandikwa kwa ajili ya wasomaji.)

Bwana mwenyekiti, viongozi wa kikundi, mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wafanyabiashara, hamjambo. Ahsanteni kwa kufunga maduka mapema. Najua kufunga mchana siku ya kazi kuna gharama, na wengine mmewaachia majirani vibanda vyenu, kwa hiyo niingie kwenye jambo lenyewe.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwenye biashara anayeanza kutumia mitandao ya kijamii. Mada hii ikitajwa, watu huanza na wafuasi: uwapate wangapi, uwapate vipi, uweke muziki gani kwenye video. Mimi naanza kwingine. Nimeona maduka yenye wafuasi maelfu yakifungwa kwa kushindwa kulipa kodi ya nyumba. Nimeona pia mama wa mapazia pale Eastleigh, asiye na ukurasa wa kujivunia, akiuza mpaka Kitengela na Thika kwa simu yake moja. Siri yake ni kwamba anajibu. Ukimwuliza bei, anakupa bei. Ukimwuliza rangi ya kijani iliyokolea, anaingia ndani, anaifungua pazia dirishani, anakupigia picha. Yote nitakayosema leo yanazunguka hapo: kazi ya mfanyabiashara mtandaoni ni kumjibu mteja, na anayeanza aanze na hiyo.

Wako wazee wetu ambao ukiwaambia wajitangaze wanakujibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo naiheshimu, ila kizuri hujiuza kwa aliyekiona. Fundi wa Kariokor anayeshona viatu vya ngozi vya kudumu miaka, kibanda chake kiko safu ya nyuma kabisa, mteja wa Kasarani atakionaje? Na mteja huyo, saa hii tunayoongea, huenda anauliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wao: "Jameni, nani anajua fundi mzuri wa viatu?" Anatajiwa mtu mwingine, pengine asiyejua kazi. Fundi wetu naye anashinda mchana kutwa akiangalia njia. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Sasa, uanze wapi? Anza na WhatsApp. Wengi mlitarajia nitaje Instagram au TikTok, na nitafika huko. Lakini wateja ulio nao tayari wako WhatsApp, na mteja aliyewahi kununua kwako akaridhika ni rahisi kumrudisha kuliko kumtafuta mgeni. Kuna programu iitwayo WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo kama zetu, na haina malipo. Unaweza kuihamishia nambari unayotumia sasa pamoja na mazungumzo yako. Ukiweza kupata laini nyingine ya biashara peke yake, nakushauri ufanye hivyo, ili picha za harusi ya binamu zisichanganyike na oda za wateja. Programu zote mbili zinakaa kwenye simu moja, kila moja na nambari yake.

Ndani yake utajaza jina la biashara, saa za kufungua, mahali ulipo na maelezo mafupi ya unachouza. Kuna sehemu ya katalogi, ambapo kila bidhaa inakaa na picha, bei na maelezo, kisha mteja anapitia mwenyewe bila kukusumbua. Kuna majibu ya haraka: unaandika jibu mara moja, unaliwekea neno fupi, na siku zote ukiandika neno hilo jibu zima linatokea. Hayo majibu ya haraka ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, kwa sababu yanatupeleka kwenye kiini.

Chukueni daftari. Mkirudi dukani, kwa wiki nzima, andikeni kila swali ambalo mteja anauliza. Msichague, andikeni lote, kwa maneno yake mwenyewe. Nawaambia mapema mtakayoyapata: "Hii ni ngapi?" "Mko wapi hasa?" "Iko saizi yangu?" "Rangi ingine hakuna?" "Mnaleta mpaka Rongai?" "Ikinikataa naweza kurudisha?" Halafu lile la Nairobi lisilokosa: "Sawa, mwisho ngapi?"

Maswali hayo ni dhahabu, na ndiyo jawabu la wale wanaoniuliza kila mara, "Nitaposti nini mimi?" Posti majibu. Mteja akiuliza kama shuka hizi zinachuja rangi, jioni chukua shuka moja, iloweke kwenye beseni la maji mbele ya simu, itoe, onyesha maji. Hiyo ni video ya sekunde 30, na imejibu swali la watu wengi ambao hawakuthubutu kuuliza. Muuza spea wa Grogan akiulizwa kila siku namna ya kutambua breki pedi zilizokwisha, ashike pedi nzee na pedi mpya mkononi, aonyeshe unene. Mama wa Marikiti anayeuza viazi kwa gunia anaweza kuonyesha kiazi cha chipsi na kile cha kupika, na kwa nini kimoja kinanyonya mafuta. Hakuna anayehitaji kucheza densi, ingawa anayependa kucheza acheze.

Sasa hili la bei. Ndugu zangu, naomba tuelewane hapa, kwa sababu hapa ndipo tunapofukuza wateja kwa mikono yetu. Mtu anaweka picha ya kochi zuri, watu wanauliza chini yake, "Bei?" na yeye anajibu kila mmoja, "Nimekuandikia inboksi." Kwa nini? Nimewauliza wengi. Wanasema wanaogopa mshindani ataona bei. Mshindani wako akitaka bei yako anamtuma kijana dukani na inajulikana kwa dakika tano. Anayefichwa hapo ni mteja. Na mteja wa Nairobi amezoea bei kubadilika kulingana na gari aliloshukia na mtaa anaokaa, kwa hiyo ukimficha bei hadharani anajua moja kwa moja kwamba unataka kumsoma kwanza ndipo umpangie. Anakwenda zake, na hasemi kwa nini.

Andika bei. Kama inategemea saizi au kitambaa, andika inapoanzia na sema kinachoipandisha. Kama unakubali kupunguza kidogo, hilo litaongelewa baadaye, na kwetu halina aibu. Wengine husema ukiandika bei utapoteza wale wanaoona ni ghali. Kweli, utawapoteza, na hao wangekumalizia mchana mzima kwa meseji na mwisho wasinunue.

Tuje kwenye picha, maana hapa simu ya shilingi elfu kumi inafanya kazi ya kutosha. Wengi wetu tunafanya biashara kwenye majengo ya eksibishoni, vyumba vidogo visivyo na dirisha, taa moja ya manjano juu. Picha iliyopigwa humo inageuza nguo nyeupe kuwa ya maziwa mgando na nyeusi kuwa ya buluu. Mteja anapokea kitu, anaona rangi siyo, anadhani umemdanganya. Kwa hiyo, kwanza futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kimejaa mafuta ya mandazi na vidole. Pili, toka nje. Asubuhi kabla ya saa nne, au jioni baada ya saa kumi, tafuta kivuli chenye mwanga, upande wa ukuta usiopigwa na jua. Nunua karatasi ya manila nyeupe, iinamishe kati ya ukuta na kiti, weka kiatu juu yake. Piga mbele, ubavuni, nyuma, na soli. Kisha weka rula au futi kando yake upige nyingine, ili mtu ajue urefu wa kweli. Mara ya mwisho, geuza upande wenye kasoro.

Naam, upande wenye kasoro. Wauzaji wa mitumba wa Gikomba na Toi wanajua kwamba hata nguo ya kamera, ile ya kuchaguliwa kwanza mtumba ukifunguliwa, yaweza kuwa na kifungo kilichopotea. Kionyeshe. Sema, "Kifungo cha tatu hakipo, nimeweka kinachofanana." Atakayenunua ananunua akijua, na siku akirudi hakagui tena, anakuamini. Picha iliyochukuliwa kwenye ukurasa wa duka la China au Uturuki, ambayo wewe mwenyewe hujawahi kushika bidhaa yake, itakuletea oda leo na matusi wiki ijayo.

Watu wa mji huu wametapeliwa sana mtandaoni. Mtu ametuma pesa ya simu akaletewa kava tupu, ametuma pesa ya viatu akazuiwa asimfikie muuzaji tena. Kwa hiyo mteja mpya anapokuandikia anakuja na hofu, na hofu hiyo hukuianzisha wewe lakini ni wewe utakayeiondoa. Mpe mambo ya kushika. Jina la ukurasa wako lilingane na jina linalotokea akilipa kwa nambari yako ya Lipa na M-PESA. Ukijiita "Zuhura Fashions" mtandaoni halafu pesa iingie kwa jina la mwanamume asiyejulikana, mteja anasimama hapo hapo. Kama upo kwenye mtaa unaofikika, mwache mteja wa kwanza alipe akishapokea. Na mahali ulipo, paeleze kama mwenyeji: jengo, linatazamana na nini, ghorofa ya ngapi, duka nambari gani, uulize nani pale chini. "Tuko CBD" haimsaidii mtu aliyeshuka matatu akiwa na mtoto mgongoni. Weka pia biashara yako kwenye ramani ya Google, ni bure, na wageni wengi wa mji huanzia hapo.

Kuhusu kupeleka mizigo, andika wazi gharama na siku. Mitaa ya karibu boda boda, miji ya mbali kwa ofisi za vifurushi za sako za matatu, mnazijua wenyewe. Ugomvi mwingi unatokana na nani analipia usafiri, na ungeisha kwa sentensi moja iliyoandikwa mapema kwenye majibu yako ya haraka.

Na ninyi pia jilindeni. Mteja akikutumia picha ya skrini ya M-PESA kwamba ameshalipa, usitoe mzigo kwa hiyo picha. Angalia ujumbe ulioingia kwenye simu yako, na salio. Picha inatengenezwa kwa dakika mbili. Jambo jingine: nambari ya tarakimu 6 inayoingia kwa SMS kutoka WhatsApp usimpe mtu yeyote, hata akikupigia akijifanya rafiki wa kikundi cha kanisa. Anayeipata anaichukua akaunti yako, na kesho yake anawaomba wateja wako mkopo kwa jina lako. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri. Tutafanya pamoja leo.

Kuna jambo dogo la WhatsApp ambalo wengi hawalijui. Stetasi yako haimfikii mtu msipokuwa mmehifadhiana namba, yeye yako na wewe yake. Ndivyo ilivyo pia ule ujumbe mmoja unaoutuma kwa orodha ya watu wengi: asiyekuhifadhi haupati. Unaposti kila siku, unalalamika hakuna anayeona, kumbe wateja wako wanakufahamu kwa sura tu. Mteja akishalipa pale dukani, mwambie, "Mama, hifadhi namba yangu, mzigo mpya ukiingia nikujulishe, ukitaka." Lile "ukitaka" lisemwe kwa dhati, na akisema hataki, iwe basi.

Nasema hivyo pia kwa sababu ya sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaitekeleza. Mwezi Septemba 2023 ofisi hiyo ilikitoza faini ya shilingi 1,850,000 kilabu kimoja cha hapa Nairobi kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Wasusi wa Kenyatta Market, wenye saluni, wapishi wa sherehe, wenye vyumba vya kulelea watoto, mko hapa? Kichwa ulichosuka ni kazi yako, sura ni ya mwenyewe. Muulize kabla ya kupiga, muulize tena kabla ya kuposti, na idhini aiandike kwa meseji ili ibaki. Akija mwaka ujao akasema itoe, itoe.

Hayo yakishakaa sawa, ndipo tuongeze mtandao mmoja. Mmoja tu, kwa miezi ya mwanzo. Uchague kwa biashara yako na wateja wako. Ukiuza vitu ambavyo mtu hununua kwa kutazama, kama nguo, keki, vito, mapambo ya nyumba, Instagram inakufaa. Facebook ina watu wazima, ina vikundi vya mitaa na vya wazazi, na huko mafundi na wauza vifaa vya ujenzi hupata kazi. Ila fungua ukurasa wa biashara, usitumie akaunti yako binafsi, maana hiyo ina kikomo cha marafiki 5,000. TikTok ina sifa moja ninayoipenda kwa anayeanza: video yako huweza kuonyeshwa kwa watu wasiokufuata kabisa. Fundi seremala, mshona nguo, msusi, mpishi, yeyote ambaye kazi yake inapendeza ikitazamwa mikono ikitembea, huko ana nafasi hata bila jina. Wafuasi wa kununua muwaache. Hawana maswali, hawana pesa, hawaji Luthuli kununua spika.

Ukurasa usiojibiwa ni duka lililofunguliwa mlango bila mtu kaunta. Ni afadhali ukose ukurasa kuliko kuwa nao mteja akauliza Jumatatu ukamjibu Ijumaa. Panga saa zako: asubuhi kabla ya pilkapilka, mchana kukipungua watu, jioni kabla ya kufunga. Andika saa hizo, na usiku weka ujumbe wa kujijibu wenyewe kwamba utarudi asubuhi. Una haki ya kulala, na wanao wana haki ya kula nawe chakula cha jioni simu ikiwa kando.

Kuna wanaosema, "Mimi siwezi, kijana wangu atanifanyia." Vizuri, akusaidie, na umlipe. Lakini akaunti iandikishwe kwa namba yako na barua pepe yako, nywila uwe nayo wewe. Nimeona wenye maduka wakipoteza ukurasa wa miaka kwa sababu mfanyakazi aliyeufungua kwa barua pepe yake mwenyewe aliondoka kwa hasira, na hakuna pa kushtaki pa haraka. Ukurasa wa Facebook unakuruhusu kumpa msaidizi nafasi ya kuposti bila kumkabidhi kila kitu. Tumieni hiyo.

Na wateja wako waandike pia kwenye daftari: jina, namba, alinunua nini, saizi. Daftari likae mahali salama. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, kwetu ilikuwa jioni mpaka usiku wa manane. Zote tatu ni za kampuni moja, Meta, ndiyo maana zilianguka pamoja. Aliyekuwa na namba za wateja pembeni aliwapigia simu au kuwatumia SMS. Kampuni hiyo inaweza kubadilisha masharti au kufunga akaunti yako asubuhi yoyote.

Mtauliza matangazo ya kulipia. Yanasaidia, lakini baadaye. Ukilipia tangazo kabla katalogi haijakaa sawa na majibu hayajawa tayari, umelipa kuwaleta watu waone kwamba hujibu. Siku ukianza, anza na kiasi ambacho kikipotea utalala usingizi, chagua watu wa eneo unaloweza kuwapelekea mzigo, na uhesabu walionunua. Walioweka kidole gumba tu usiwahesabu.

La mwisho ni malalamiko, na nakiri hili ni gumu kwa kila mwenye damu mwilini. Mteja anakuja hadharani: "Hawa ni wezi, nilinunua blenda ikaungua siku ya pili." Mkono unawasha kumjibu. Ngoja. Andika kwa adabu, hapo hapo mbele ya watu: "Pole sana dada, tunaomba uilete au tumtume mtu wa boda aichukue, tuiangalie." Kisha fanya ulivyosema. Ukirekebisha, rudi ueleze umefanya nini. Wanaosoma ni wengi kuliko yule mmoja, nao wanataka kujua watatendewaje siku mambo yakiharibika. Ukifuta maneno yake atayaandika pengine, akiwa na hasira mara mbili.

Mwenyekiti ametuachia muda mpaka saa kumi na moja. Naomba tusiutumie kwa hotuba zaidi. Toeni simu, ambao chaji imeisha, kuna soketi upande ule wa jukwaa, na vijana watatu wa kikundi wamejitolea kupita kati yenu. Tuanze na jina, saa za kufungua na mahali, yaandikeni jinsi mnavyomwelekeza mgeni kwa simu. Kisha kila mmoja aweke bidhaa moja kwenye katalogi, moja tu, ile mnayoulizwa sana. Mama wa shuka pale mbele, tutaanza na wewe. Ni shilingi ngapi zile za sita kwa sita?